Uso Alioungoja Mama

Mtaani walimwita Mama Pasi, na wengi waliomwita hivyo hawakujua kama ana jina jingine. Chumba chake cha kufulia kilikuwa nyuma ya nyumba ya wageni: chumba kirefu chenye karo mbili za saruji, meza ya kupigia pasi iliyotandikwa blanketi kuukuu, na dirisha moja lililogoma kufunguka hadi mwisho. Mashuka yaliingia asubuhi yamekunjamana, jioni yakatoka yamenyooka. Mvuke ulikuwa umempiga usoni miaka nenda miaka rudi, na mwenyewe alikuwa na mzaha wake juu ya hilo. Alisema kila kunjo alilolitoa kwenye shuka lilitafuta pa kuhamia, likaona uso wake ndio jirani.

Mzaha huo aliupenda mpaka siku ulipoacha kumchekesha.

Alikuwa mjane asiyejaliwa mtoto. Baada ya kumzika mumewe alirudi kukaa na mama yake mzazi, katika nyumba ile ile aliyokulia, yenye vyumba viwili na kibaraza kinachotazama geti. Mama yake alikuwa mpishi wa shule ya bweni enzi zake, mwanamke wa mikono minene na sauti ya kuita watoto mia waje kula bila kengele. Sasa alikuwa amepungua mwili, na kumbukumbu zake nazo zilikuwa zikimwondoka. Zilianza kuondoka za karibuni: sufuria iliyoachwa motoni, mlango ulioachwa wazi. Kisha majina ya majirani. Yaliyobaki yalikuwa ya zamani, na hayo aliyashika barabara.

Aliyoyashika kuliko yote yalikuwa ya binti yake. Alipokuwa mdogo, Mama Pasi alikuwa msemaji asiyechoka, na mama yake akambandika jina la Chiriku. Hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Baba hakumwita hivyo, wala kaka yake, wala marehemu mumewe. Lilikuwa jina la watu wawili tu, na mmoja wao ndiye huyu aliyekuwa akikaa kibarazani kila alasiri, uso umeelekea getini.

"Chiriku hajarudi bado?" aliuliza siku moja, Mama Pasi alipomletea chai na mkate.

"Nimerudi, mama. Ndiye mimi."

Mama yake alimtazama, akatabasamu kwa adabu, kama mtu anavyomtabasamia mgeni aliyetoa mzaha usiochekesha.

"Ahsante kwa chai, mama. Una moyo mzuri. Lakini usinitanie. Binti yangu ana uso laini kama yai. Wewe ni mtu mzima mwenzangu."

Mama Pasi aliweka kikombe mezani taratibu. Aliingia jikoni, akasimama mbele ya sinki, akaosha kijiko kilichokuwa safi tayari.

Jioni ile alimpigia simu kaka yake, aliyekuwa akifanya kazi mbali.

"Ni ugonjwa huo, dada," kaka alisema. "Usiutie moyoni."

"Ugonjwa ni wake. Maumivu ndiyo yangu."

"Na mimi je? Hata hanikumbuki kabisa."

"Wewe amekusahau, kaka. Mimi ananikumbuka kila siku. Ananikumbuka nikiwa nimesimama mbele yake, ananiuliza niko wapi."



Hapo ndipo Mama Pasi alipoanza kujitazama kwenye kioo kwa namna nyingine. Uzee haumfikii mtu kwa kubisha hodi, na yeye hakuwahi kuugombeza. Lakini sasa aliutazama uso ule kama mtu anavyomtazama mwizi. Mfereji huu kando ya mdomo, ngozi hii iliyolegea chini ya taya, mifuko hii chini ya macho: nyuma ya vitu hivi kulikuwa na msichana ambaye mama yake alikuwa akimngoja. Aliivuta ngozi kwa vidole kuelekea masikioni, akaona kitu kikichungulia. Alipoachia, kikapotea.

Rafiki yake alikuwa msusi mwenye kibanda ng'ambo ya nyumba ya wageni. Huyo ndiye aliyemwambia habari za akupancha ya uso.

"Wanakuchoma sindano ndogo ndogo, uso mzima," msusi alisema, mikono imo kichwani mwa mteja. "Damu inatembea, ngozi inaamka. Yuko mtaalamu amefungua mjini, juu ya duka la rangi za nyumba. Chini wanapaka kuta, juu wanatengeneza watu."

"Na inafanya kazi kweli?"

"Mteja wangu mmoja amekwenda. Amerudi kang'aa kidogo. Kidogo, shoga yangu, usije ukadhani utarudi kunyonya. Lakini sikia: usiende kwa yule wa saluni ya kona."

Mama Pasi, kwa haraka aliyokuwa nayo, alikwenda kwanza kwa yule wa saluni ya kona. Alimkuta mwanamke mchangamfu, sindano zake zimelala kwenye kifuniko cha mtungi, zimemwagiwa spiriti.

"Ni mpya hizo?" Mama Pasi aliuliza.

"Usiogope, hizi zimeshazoea watu."

Aliaga kwa heshima, akasema ameacha bomba la maji wazi.

Mtaalamu wa juu ya duka la rangi alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, mwenye kucha fupi. Ukutani alikuwa ametundika vyeti vyake vya mafunzo na kibali cha kazi, na aliona Mama Pasi akivitazama.

"Visome vizuri," alisema. "Mtu akitaka kukuchoma sindano usoni, una haki ya kujua amejifunza wapi. Na wengi waniita daktari. Mimi si daktari. Mimi ni mtu wa tiba ya sindano."

Alimwonyesha sindano, kila moja ndani ya karatasi yake iliyofungwa. Zilikuwa nyembamba kuliko sharubu za paka, zikifunguliwa mbele ya mteja na kutupwa baada ya kutumika mara moja. Kisha akaanza maswali. Una kisukari? Una kifafa? Umewahi kudungwa dawa za kujaza mashavu au kulegeza makunyanzi? Unavuja damu kwa muda mrefu ukijikata? Umekula leo? Usije hapa na njaa, wala baada ya pombe, utazimia mikononi mwangu.

"Na dawa je? Unatumia dawa yoyote?"

Mama Pasi alikuwa akitumia dawa. Miezi michache nyuma mguu wake mmoja ulivimba kwa kusimama mezani, hospitali wakakuta damu imeganda ndani ya mshipa, wakampa vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi. Vilikuwa ndani ya mkoba wake, pale pale mapajani. Lakini aliusikia mlango ukitaka kufungwa kabla hajaingia.

"Situmii," alisema.

Mtaalamu alimtazama kidogo. "Basi sikiliza nikuambie ukweli kabla hujalala kitandani. Sindano hizi haziondoi miaka. Zinaweza kuupa uso rangi, zikalegeza misuli inayokazana, watu wakakuambia umepumzika. Wengine hawaoni tofauti hata hiyo, na hata wasomi hawajakubaliana kwamba zinafaa. Si mara moja, utakuja mara kadhaa, na ukiacha, uso unarudi njia yake. Unaweza kupata alama ya damu chini ya ngozi, ikakaa siku kadhaa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Unataka nini hasa?"

"Nataka nionekane kama zamani."

"Zamani ipi?"

Mama Pasi alitazama dirishani. Chini barabarani mtu alikuwa akipakia ndoo za rangi kwenye mkokoteni.

"Zamani tu," alisema.

Alilazwa chali chini ya shuka jeupe, na mtu wa kazi hawezi kuacha kazi yake: akaona limepigwa pasi vibaya pembeni. Sindano za kwanza ziliingia miguuni na mikononi, jambo ambalo hakulitarajia, kisha zikaja za usoni. Hazikuuma kama alivyoogopa. Kila moja ilikuwa kama mbu asiye na nia mbaya, kisha uzito, kisha joto lililosambaa taratibu. Alipoambiwa alegeze taya, aligundua kwamba alikuwa amelikaza, tangu lini hajui. Taya likaachia. Machozi yakaanza kumtiririka masikioni.

"Inauma?" mtaalamu aliuliza.

"Haiumi."

Mtaalamu akampangusa kwa pamba, bila kugusa sindano.

Alirudi tena na tena. Aliporudi nyumbani kila safari alipita kwanza mbele ya mama yake pale kibarazani, akasimama kwenye mwanga, akangoja. Msusi alisema ameng'aa. Meneja wa nyumba ya wageni alimuuliza kama amekuwa likizo. Mwenyewe aliona mashavu yamepata damu na usingizi umekuwa mzito, maana taya halikumwamsha tena kwa maumivu. Lakini mama yake alimtazama kama kawaida, akamuuliza kama hajakutana na msichana mmoja mwembamba njiani, msemaji sana.

"Sijakutana naye, mama."

"Ukikutana naye mwambie chakula kinapoa."

Safari moja alitoka kwa mtaalamu akiwa na kidoa chekundu chini ya jicho la kushoto. Mtaalamu alikikandamiza kwa pamba, akakunja uso kidogo, akamwambia aweke kitambaa cha baridi na apige simu kikizidi. Kilizidi. Kesho yake asubuhi kilikuwa kimeshuka hadi shavuni, zambarau kama bilinganya, jicho limejaa. Msusi alipomwona alifunika mdomo kwa kitana. Mama Pasi alijifunga kitambaa kichwani hadi karibu na nyusi, akafua kutwa nzima akiwa ameinama.

Alasiri alipopeleka chai kibarazani, alisahau kuinama.

Mama yake aliona. Alisimama kutoka kitini, yeye ambaye kusimama kulihitaji kuombwa na kushikwa mkono. Akamsogelea, akamshika kidevu, akaugeuza uso ule kwenye mwanga.

"Nani amekufanya hivi?"

"Hakuna mtu, mama. Ni sindano."

"Sindano." Alitikisa kichwa. "Wote husema hivyo. Ni mlango, ni ngazi, ni sindano. Nimepika shuleni miaka mingi, nimewaona wake za walimu. Nimewasikia wote na milango yao. Ni mumeo?"

"Mume wangu amefariki, mama."

"Usimtetee."

Mama Pasi alitaka kucheka na hakuweza. Mama yake alikuwa ameshamshika mkono, akimvuta ndani. Alimkalisha kwenye kitanda chake mwenyewe. Akaenda jikoni, na bomba likasikika. Alirudi na kitambaa kilicholoa, amekikamua vizuri, amekikunja kunjo la pembe tatu kama alivyokuwa akikikunja zamani mtoto alipokuwa na homa. Akamwekea chini ya jicho, akakishikilia hapo. Kiganja chake kilikuwa bado kizito.

"Utalala hapa," alisema. "Nyumba hii haina mwanamume wa kukufokea. Nina binti yangu, atakaporudi utampenda. Anaongea sana, lakini ana huruma. Kula nitakupa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema nimesikia, mama."

"Nimesikia, mama."

"Haya. Funga macho."

Alifunga macho. Tangu mumewe alipozikwa hakuna mtu aliyewahi kumshika uso hivyo, achilia mbali kumwambia afumbe macho. Alilala kwenye kitanda kile, nguo zake zikinuka sabuni, na mama yake akabaki ameketi pembeni, akibadilisha kitambaa kila kilipopata joto. Hakuitwa kwa jina lake. Alijua kabisa kwamba upendo ule umepewa mwanamke mwingine, mgeni aliyepigwa na mume ambaye hakuwapo. Aliupokea hivyo hivyo. Mwenye kiu haulizi maji yalichotewa nani.

Siku iliyofuata mama yake hakukumbuka lolote, hata ile alama chini ya jicho hakuiona tena.

Mama Pasi alipanda zile ngazi za duka la rangi, akakaa kwenye kiti bila kuvua viatu.

"Nilikudanganya," alimwambia mtaalamu. Akafungua mkoba, akatoa vidonge, akaviweka mezani.

Mtaalamu alisoma pakiti. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini, lakini haikuwa laini.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Dawa hii ingenifanya nisikuguse mpaka daktari wako aseme. Ungeweza kuvuja zaidi ya hapo. Nami nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Umeacha kuimeza?"

"Niliiacha jana, nilipoona uso umevimba."

"Hilo ni baya kuliko yote. Usiiache kwa kichwa chako. Leo hii uende hospitali, sasa hivi ukitoka hapa." Akasukuma pakiti kurudi upande wake. Kisha akamuuliza kwa namna tofauti, "Kwa nini, dada yangu? Wewe si mtu wa kujipamba. Umekuja hapa mara zote na mikono ina sabuni."

Mama Pasi akamweleza. Alieleza habari ya kibaraza na geti, na uso laini kama yai, na jina ambalo mtu mmoja tu duniani analo mdomoni. Hakulia. Alieleza kama anayetoa maelekezo ya njia.

Mtaalamu alimsikiliza hadi mwisho.

"Ungeniambia siku ya kwanza," alisema, "ningekuambia siku ya kwanza. Hata kama ningeweza kukurudishia uso wa miaka ishirini, na siwezi, hakuna awezaye, ungeshinda na uso huo mbele yake, na pengine siku hiyo angekuwa anamngoja mtoto wa miaka saba. Kwangu aliyesahau alikuwa baba. Alikuwa akinisalimia kana kwamba mimi ni karani wa benki."

"Ukafanya nini?"

"Nikawa karani wa benki. Nilimwambia kila siku hesabu yake iko salama."

Hospitali walimgombeza kidogo, wakampima, wakamwambia aendelee na vidonge na asahau sindano mpaka watakapomruhusu. Alama ilibadilika rangi, ikawa ya kijani, ikawa ya njano, ikaondoka. Rangi ya mashavu nayo iliondoka baadaye kidogo, kama alivyoambiwa. Alichobaki nacho ni taya. Akiwa mezani na pasi, mara kwa mara alijikuta amelikaza, akaliachia mwenyewe.

Hakuacha kutamani. Msusi alimwambia muda utamzoesha, naye akaitikia ili wamalize maneno, lakini kila alasiri geti lilipolia na mama yake akainua kichwa kwa furaha, kisha furaha ile ikazimika alipoona ni nani, kitu kilimchoma ambacho hakikuwa sindano. Kilichobadilika ni kwamba siku moja, badala ya kuweka chai na kwenda zake jikoni, alivuta kiti kingine.

"Nimechoka, mama. Nikusaidie kumngoja?"

"Kaa. Huyu mtoto anachelewa."

"Yukoje, huyo binti yako?"

Mama yake akageuka, uso umefunguka. Huenda hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo kwa miaka.

Akaeleza. Alieleza jinsi Chiriku alivyokuwa akikaa juu ya gunia la unga jikoni shuleni akisimulia ndoto zake, na wapishi wakimlipa kwa maganda ya mkate ili anyamaze, naye akila huku anaongea. Mama Pasi aliyajua hayo. Kisha akasikia asiyoyajua.

"Alipoolewa," mama alisema, "nilicheka siku nzima. Watu wakasema, tazama mama mtu alivyofurahi. Wageni walipoondoka nikaingia ndani. Nyumba ikawa kimya. Kimya, mama, kimya cha kuziba masikio. Nikaenda jikoni nikafungua bomba, nikaliacha litiririke, ili nisikie kitu kinaongea."

Mama Pasi alishika ukingo wa kiti. Siku ile aliikumbuka. Aliondoka akiwa na donge moyoni, akidhani mama yake amefurahi kupumzika na kelele zake. Alilibeba donge lile miaka yote ya ndoa, na hakuwahi kulisema.

"Ulimwambia?"

"Ningemwambiaje? Angerudi. Mtoto akienda kwake aende na moyo mwepesi."

"Angependa kujua."

"Basi mwambie wewe akija," mama alisema, akimpigapiga gotini. "Mimi siku hizi nasahausahau."

"Nitamwambia."

Walikaa. Nguo za jirani zilikuwa zikipepea kwenye kamba, na Mama Pasi, kwa mara ya kwanza, hakuangalia kama zimekamuliwa vizuri. Baada ya muda geti likalia, lakini ulikuwa upepo. Mama yake akashusha pumzi, akamtazama mwanamke aliyekaa karibu naye kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Na wewe unamngoja nani, mama?"

"Namngoja mama yangu," Mama Pasi alisema.

"Amechelewa?"

"Kidogo."

"Pole. Tutawangoja pamoja." Akamsogezea sahani ya mkate. "Nimekuambia habari za binti yangu?"

"Hujaniambia," alisema, akavuta kiti karibu zaidi. "Niambie."